Goti la Mpima Maziwa

Kila goti huku Isongole husingiziwa baridi.
Ukungu unashuka Mlima Rungwe bila hodi,
unalala kwenye viazi, unalala kwenye bati,
na ukichechemea tu, watu wamekwisha kukutibu kwa mdomo:
"Baridi yabisi hiyo, Tusekile. Kaa jikoni."

Nilikaa jikoni siku tano.
Goti likawa kiazi cha mbegu
kinachotafuta pa kuchipulia.
Kuchuchumaa chini ya ng'ombe kukanishinda.

Mimi ndiye mpima maziwa kituoni.
Saa kumi na mbili asubuhi ndoo zimepangwa,
nachovya kipimo, nasoma mstari,
nachanganya na spiriti; yakiganda nasema hapana,
hata kama ndoo ni ya shemeji.
Wananiita Mama Hapana.

Basi nikamwambia yule kijana wa maabara,
Andembwisye, mwenye koti la kifungo kimoja:
mimi sidanganyiki kwa chupa.
Nieleze unachotafuta.

Akavuta ute gotini kwa sindano ndefu.
Nilihesabu misumari ya dari: kumi na saba,
na tundu la wa kumi na nane.
Ute ukatoka na wingu, wa manjano,
kama dang'a.
"Si usaha," akasema. "Na chembe za jongo sizioni.
Uliumwa na kupe?"

Nikacheka.
Kupe! Shuleni tulichorewa bwana mmoja,
kitambi nje, mrija mdomoni,
tukaambiwa huyo ndiye kupe, tumwogope.
Wa kweli hawakutuchorea.
Kila Ijumaa napeleka ng'ombe joshoni,
nawakagua masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele.
Mwenyewe nani ananikagua?

Kisha nikakumbuka.
Juma la Pasaka, nyuma ya goti hili hili,
punje nyeusi. Nikaing'oa kwa kucha,
nikaitupa motoni, ikalia *paa*,
nikaendelea kukamua.
Ikaja homa ya siku tatu. Nikaiita malaria,
ndilo jina lililokuwa karibu.

Damu yangu ikapanda gari la Mbeya
ndani ya boksi la barafu, bila mimi.
Jibu likarudi kwa simu: hasi.
Nikasema, basi, sina.

"Mama," akasema, "hapana."

Akasema damu ina daftari lake.
Mgeni akiingia haimwandiki siku ile,
inachukua wiki kumjua, wiki kumtungia silaha,
na sisi tumefungua ukurasa mapema.
"Na ingesema ndiyo, ningekuuliza vilevile:
ni wa Pasaka hii, au wa miaka ile ulipochunga?
Wachungaji wengi damu zao zinasema ndiyo
na magoti yao yanacheza ngoma."

Hilo nalijua.
Yapo maziwa niliyoyapitisha kwa mkono wangu,
safi, mstari umesimama pake,
yakaganda barabarani kabla ya Uyole.
Dereva alinitukana sana.
Lakini kipimo hakikusema uongo.
Kilijibu swali la saa ile.

Amenipa vidonge, kwa kukisia, na amesema anakisia.
Nimempenda kwa neno hilo.
Baada ya wiki tatu atanitoa damu tena
ailinganishe na ile ya kwanza,
kama ninavyolinganisha ndoo ya asubuhi na ya jioni
nikimshuku mtu maji.

Goti limeshuka kidogo. Labda ni vidonge.
Labda ni jua lililotoka Jumanne.
Shemeji anasema ni jiko.

Leo Ijumaa, nimetoka joshoni,
nimefunga mlango, nimepandisha kanga,
nimeshika kioo cha pikipiki ya mwanangu
nikajikagua kama ndama wa kununua.
Nimempata mmoja, kwenye mkunjo wa paja,
mdogo, nukta tu.

Sikumtupa motoni.
Nimemng'oa taratibu kwa kikoleo cha nyusi,
nimemtia kwenye kichupa cha spiriti ya kituoni,
nimebandika plasta,
nimeandika tarehe.