Paja la Bi Mwantumu

Kiunzi kilikuja na programu:
mrefu, mgeni, paja limenyooka kama rula.
Nikalifuta.
Nikapachika paja la Bi Mwantumu wa Ngamiani,
lililounga upogo tangu mashine ya mkonge imvunje.

Likatokea kubwa kuliko chumba,
limeelea mbali na nyonga:
picha za Bombo huhesabu milimita, programu mita.
Nikaligawa kwa elfu moja. Likaketi.

Nikachagua rangi. Nyuma ya kiti akaguna:
"Nyeupe ya sanda? Mimi sijafa, mwanangu.
Tia manjano."
Nikatia.

Nikabofya. Kiunzi kikatembea
kikichechemea, bega la kushoto likitangulia,
vilevile alivyopanda ngazi asubuhi.
Akakisogelea kioo, mkono pajani.
"Mwambie apunguze mwendo," akanong'ona,
"jioni litamuuma."