Masikio ya Chuma

Ghala la kambi, Moroto, saa tatu asubuhi,
bati limeanza kulialia kwa jua.
Kazi yangu ni chaki.
Naisugua juu ya chuma, napuliza,
na herufi zilizolala chini ya kutu na samli
zinaamka mojamoja, nyeupe kama meno.

Daftari lina safu nne: nambari, aina, mwaka, kiwanda.
Safu ya kiwanda ni nyembamba kuliko zote.
Aliyeichora hakuwahi kuiona bunduki ya Lomongin.

Mtutu: pembetatu, ndani yake mshale.
Komeo: nyota ndogo, na nambari isiyoujua mtutu.
Magazini: herufi za nchi iliyokwisha kufa kwenye ramani.
Kifyatulio hakina kitu; mtu alikipiga tupa
akakinyang'anya jina la mama.
Na kitako, jamani, kitako
ni mti mwekundu wa bunduki ya mwindaji,
tajiri fulani aliyekuja kuua nyati kwa leseni;
bado kina kibati cha shaba cha duka,
jina la fundi na mtaa wake, mwandiko wa mikogo.

Nikauliza, "Hii niiandike ya wapi?"

Lomongin amekalia kigoda chake mlangoni.
Aliitazama chaki kwa muda.
"Kumbe unasoma masikio," akasema.
"Kwetu pia, ng'ombe akipotea, tunasoma masikio.
Huyu ametekwa mara nne,
na kila mtekaji alimkata kivyake."

Akainuka, akagusa chini ya kitako:
mistari mitatu na duara, imechomwa kwa chuma cha moto.
Mimi nilidhani ni ufa.
"Hiyo ni ya zizi letu."

Nilitaka kuuliza kuhusu ile mikato kumi na mmoja
iliyochongwa ubavuni, imepangwa,
imelainika kwa kiganja.
Sajini Obwoya akakohoa.
Sikuuliza.
Lomongin akajibu hata hivyo:
"Hao ni ng'ombe niliolipa."
Kisha, akitazama kwingine: "Wengi wao."

Kalamu ikaning'inia juu ya safu nyembamba.
Kesho msumeno utafika kwa lori kutoka Kampala,
nao hukata bila kusoma:
mshale, nyota, jina la fundi, zizi,
vyote pipa moja.
Niliandika *mchanganyiko*. Nikalifuta.
Nikaandika alama zote, herufi za kisisimizi,
hata lile duara nikalichora,
mpaka zikavuka mstari
zikaingia nyumbani kwa bunduki inayofuata.
Sajini atanigombeza.

Jioni nimenawa kwa sabuni mara mbili.
Weupe umekataa kutoka kwenye kucha.
Binti yangu Nakiru ameishika mikono yangu, ameigeuza,
ameichunguza kama mnunuzi sokoni.
"Mama, leo umefundisha darasa la ngapi?"