Kipindi cha Alhamisi, Kibaigwa

Betri ya trekta ilizimika
rubani akiwa ameinua mkono abishe hodi:
amerudi kutoka nyota ya mbali, kijana vilevile,
na mwanawe mle ndani ana mvi.

Tukabaki gizani kwa Ndahani,
pua zimejaa vumbi la mahindi,
tukibishana. Atafunguliwa? Atajulikana?

Chombo chake kilikuwa sufuria mbili zilizofumbatana,
uzi wa kukining'iniza ulionekana.
Hatukujali.

Miaka thelathini na moja.
Jana mjukuu wangu kakipata kipindi kile kwenye simu:
"Bibi, tazama mwisho wake."
Nikafunika kioo kwa kiganja.

Kaka Chilewa alikwenda Mererani mwaka uleule.
Mlango wetu, hadi leo,
hautiwi komeo.