Maoni Nambari Kumi na Saba

Wamebandika ramani ukumbini, hapa Malindi,
kwa solotepu; kona moja imeanguka,
na kona hiyo ndiyo tunayokaa sisi.

Mpangaji, kijana Bwanaheri, ana kijiti cha kuonyeshea.
Hapa, asema, palipokuwa kinu cha pamba
patakuwa bustani, njia ya baiskeli, mikahawa mitatu ufuoni.
Kijani ni nyasi. Buluu ni bahari.
Kijivu, nimeuliza, kijivu ni nini?
Kijivu ni matumizi yatakayoamuliwa.

Mimi Nyevu wa Mbeyu. Kwenye kijivu ndiko nilikozaliwa.
Mama alichambua pamba kinuni misimu kumi na miwili,
akirudi na nyuzi nyweleni, nasi tukimcheka:
umeota mvi kazini!
Mvi zenyewe zilipofika, kinu kilishafungwa,
mashine zimeuzwa kwa kilo.

Sipingi bustani. Andika hivyo, karani.
Wanangu huchezea mabati yenye kutu,
pepopunda tunaijua kwa jina.
Na baiskeli ninayo:
hubeba mitungi minne ya maji, ya lita ishirini ishirini.
Njia yenu itaipitisha na mitungi yake?

Bwanaheri akacheka kidogo, kisha akaacha.
Akaitazama ile kona,
akaikandamiza kwa kidole gumba.
Haikushika.
Akabaki ameishikilia hivyo, mkono juu,
kijiti kimelala sakafuni,
nambari kumi na nane akaitwa,
na kule kwenye kijani
hakuna aliyeweza kuonyesha kitu.