Maagizo kwa Nsimire

Funguo ni tatu. Ule wa shaba hukataa asubuhi:
inua mlango kwa goti, kisha zungusha.
Kabla hujakaa, tia mafuta cherehani nyeusi,
tone moja, Nsimire, si mawili.
La pili huishia kwenye nguo ya mtu.

Sare za kwaya ya Cimpunda ni kumi na nne.
Kumi na tatu zimekatwa. Ya mpiga ngoma bado,
anadai amekonda, mimi sijaona alipokonda.
Mpime upya. Amini utepe, usiamini mdomo.

Mama wa chumvi akileta gauni lilelile,
lipokee, lipanue mbavuni, nyamaza.
Ana miaka arobaini na tano, na ana mimba.

Umeme ukikatika, hamia kwenye ile ya miguu.
Wa kodi akija, mwambie niko Goma, napasuliwa macho.
Ni kweli. Atadhani ni uongo. Mwache.

Nilimaliza kusema pale bandarini,
boti imeshapiga honi, mtu ananikanyaga na gunia la dagaa,
na Nsimire anaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kama sindano inayopita kwenye khanga mpya.

Goma walinifunika macho yote mawili.
Simu ikawa chini ya mto, nikawa nasikiliza duka:
mvua ya Kadutu ikigonga bati,
kuku wa jirani, redio, mkasi.
Niliujua mkasi. Nilijua pia haukuwa mkono wangu.
"Zipu za bluu zimekwisha, niweke nyeusi?"
Weka.
Saa nne usiku nikampigia kuhusu pasi.
"Nimeizima, fundi. Lala."

Siku ya jicho la pili simu ilikuwa kwa muuguzi,
kwenye droo, imezimwa.

Sasa, kuna jambo sikumwagiza.
Msumari wa tatu, nyuma ya pazia,
koti la kijivu la Cikuru, bwana harusi.
Alilipa nusu, akaenda Kamituga kutafuta nusu nyingine
kwenye mashimo ya dhahabu. Miaka tisa.
Bibi harusi ana watoto wanne na mtu mwingine.
Kila Ijumaa nililipangusa mabega.
Hilo utamwachiaje mtu? Utaandika nini kwenye karatasi?

Nimerudi Jumanne, jicho moja bado lina pamba.
Msumari ni mtupu.
Kwenye daftari, kwa mwandiko wake ulioinama kama anayepanda mlima:
*Koti la kijivu limetoka. Kwa mtoto wa marehemu Balola.
Mazishi yalikuwa kesho yake, hana nguo ya kusimama nayo.
Mikono nimefupisha vidole viwili.
Amelipa nusu. Nilikupigia mara tano.*

Nilitaka kukasirika.
Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikisubiri hasira,
nayo ikachelewa, na katika kuchelewa kwake nikapiga hesabu:
nusu ya Cikuru, nusu ya huyu.
Koti zima limelipwa
na watu wawili wasiojuana.

"Na akirudi?" nikamuuliza.
Hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye pindo.
"Vipimo vyake viko ukurasa wa kumi na saba.
Nitamshonea lingine."
Nitamshonea, alisema. Si tutamshonea.
Halafu: "Kama hajanenepa."

Wa kodi alikuja? Alikuja.
Nilimwambia. Hakuamini. Akakaa, akashonewa kifungo.

Jioni nilijaribu cherehani nyeusi, kwa kupapasa tu.
Inakwenda laini, kuliko nilivyoiacha.
Nikapitisha kidole chini ya sindano:
mafuta. Ameweka matone mawili,
na chini yake, amekikunja vizuri,
kipande cha kitambaa cha kijivu,
vidole viwili, upana wa mkono wa koti.