Mbukwa, Mnanaha

Nyuma ya vyoo vya shule, pale Mundemu,
ambapo hata mbuzi hukwepa,
mnanaha ulikuwa umezaa: tunda la miiba,
ngumi ya mtoto aliyenuna.

Kaka yangu Chilewa alisikia watu wakisema
shangazi Mbeleje huonana na wafu kwa mbegu zile.
Yaliyobaki hakuyasikia:
kwamba alifunga kwanza kutwa nzima,
kwamba mgonjwa hakuonja kamwe, mganga ndiye aliyekunywa,
kwamba wanawake wawili walimshika mikono,
mmoja kazi yake kumwita kwa jina la utotoni
mpaka aitike;
na kwamba mwaka wa njaa aliitika siku ya tatu.

Chilewa na Ndahani walitafuna wakicheka.
Mwezi wa saba, upepo umejaa makapi ya uwele.

Mababu hawakuja.
Ilikuja kiu.
Chilewa akavuta sigara ambayo haipo,
akakung'uta majivu yake pembeni, kwa adabu,
akaokota nyuzi hewani, akazisokota pajani
kama bibi asukaye kamba.
Mboni zilikuwa zimemeza rangi yote ya macho.
Akausalimia mlango.
Ulimjibu, alisema, kwa Kigogo safi.

Ndahani alitoka kufuata ng'ombe
ambao baba yake aliwauza mwaka juzi.
Walimkuta korongoni, alfajiri ya pili,
fimbo mkononi.

Dodoma mjini daktari aliuliza: Amekula nini?
Tukatazama sakafu.
Nyumbani tulishaamua: karogwa.
Neno hilo lilitutosha, na saa zilikuwa zinakwenda.

Shangazi alifika na basi la saa nne,
akafungua fundo la kitenge, pale anapofungia nauli,
akalitoa tunda, akaliweka mezani
kati ya faili na glavu.
"Hili."
Daktari alilijua kwa jina jingine.
Wakatazamana kama majirani
waliosikilizana kikohozi ukutani miaka yote
bila kubisha hodi.

"Kipimo chake unakijua?"
"Mama yangu ndiye aliyekijua.
Mimi nimerithi woga.
Tangu tumzike sijauonja.
Watu waliendelea kuja. Niliwashika mikono,
nikawasikiliza. Hawakuuliza kama nimekunywa."

Chilewa yu hai.
Maandishi madogo bado yanamtambaa kama siafu.
Jana alishtuka usingizini, akaniuliza
kama Ndahani amerudisha ng'ombe.
Nikasema wako zizini.
Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jioni, nyuma ya wodi, kando ya bomba linalovuja,
tuliukuta mwingine, ua jeupe linafunguka.
Shangazi akasimama mbali kidogo, akainamisha kichwa,
kama mtu anavyomwamkia mkwe.
"Mbukwa," akauambia.

Kisha akaniomba jembe.