Ukelele wa Hamira

Nimelisugua pipa mara nne.
Mara ya tano Solfrid akaniuliza
kama namwosha maiti.

Yeye ni fundi bomba wa hapa Voss.
Mimi ni karani wa kodi, mtu wa desimali:
kilo kumi na moja za kimea cha shayiri,
saa ya kuanza, saa ya kukoroga,
maji yaliyochemshwa na matawi ya mreteni
mpaka jiko likanukia msitu ulionyeshewa.
Yote nimeyapigia mstari kwa rula.
Yeye hana hata karatasi.
Moto kiasi gani? namuuliza.
"Tia kidole. Ukikitoa kwa hasira, bado.
Ukikitoa kwa majuto, tayari."

Na ikigeuka siki?
"Tutatilia kabichi."
Na pipa likipasuka?
"Sogeza paka."

Tukachuja hadi saa nane za usiku.
Kilichotiririka kilikuwa kizito, kitamu,
rangi ya kiatu kipya.
Machicha yakabaki yakifuka mvuke kwenye beseni.
Nikaonja. Nikasema, basi, imekuwa!
"Hiyo togwa," akasema,
"wape watoto."

Ndipo akatoa mfukoni bahasha ya benki.
Ndani, hamira iliyokauka,
vipande kama rangi iliyobanduka ukutani.
Ilikuwa ya mama yake,
na ya jirani aliyemwazima mama yake;
huko nyuma zaidi hakuulizwi.
"Ukiitia, piga ukelele.
Usipopiga, italala, na bia itakuwa goigoi."

Mimi nina majirani.
Nilikohoa.

"Hiyo ni hodi," akasema Solfrid.

Nikafumba macho.
Nikaiona meza yangu ya ofisini, mihuri yake,
miaka kumi na tisa ya kusema samahani
kwa watu walionikanyaga mimi,
nikapiga.

Sijui sauti ile ilikuwa imekaa wapi.
Vifuniko vya sufuria vililia.
Mbwa wa kina Tveit akaitikia ng'ambo ya ziwa,
taa mbili zikawaka,
moja ikazimwa upesi, kwa adabu.

Tukalifunika pipa kwa blanketi la sufu.
"Usilifunue," akaniambia mlangoni.
Nililifunua mara tatu.
Sawa, sita.
Alfajiri povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni,
na pipa linanung'unika peke yake
kama mzee anayetafuta miwani.
Nililala sakafuni kando yake.
Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu Solfrid akaja na kikombe chake mwenyewe.
Akanywa amesimama, akitazama dirishani.
Akanywa tena.
Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi.
Hakusema ni nzuri.
Alisema, "Kesho nina bomba la shule.
Wapigie simu. Waambie naumwa."

Nikafungua daftari langu,
na chini ya nyuzi za joto, uzani na saa,
kwa mwandiko uliokwisha kupinda,
nikaandika: ameketi.